Gari linalia "ka!" lakini haliwaki: ubadili betri, usafishe terminali au ushushe stata?

Ukizungusha ufunguo gari likajibu "ka!" na injini isizunguke, una nafuu kuliko mwenye gari lililonyamaza kabisa. Mlio huo unakuambia kwamba amri imetoka kwenye swichi na imefika angalau kwenye rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), mara nyingi hadi kwenye stata yenyewe, yaani mota inayozungusha injini ili iwake. Eneo la kutafutia limeshakuwa dogo: betri, terminali (vibanio vya nyaya kwenye vichwa vya betri) na nyaya zake nene, solenoidi (swichi ya sumaku ya stata), au mota ya stata. Kazi iliyobaki ni kujua ni kipi kati ya hivyo kabla hujafungua pochi.

Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mmoja anasikia mlio, anasema betri imekufa, ananunua mpya, gari linawaka siku chache kisha linarudia yale yale. Mwingine anaambiwa stata imeungua, inashushwa na kufunguliwa, kumbe terminali ilikuwa imelegea. Betri na stata ndizo zinazolaumiwa kila mara. Mimi kura yangu ya kwanza naipeleka kwenye viungio vya nyaya, na sababu utaiona mbele kwa hesabu.

Milio mitatu isiyofanana

Kuna mlio wa haraka haraka, ka-ka-ka-ka-ka, taa za dashibodi zikififia na kurudi kwa kufuatana nao. Kuna mlio mmoja mzito, "ko!", unaotoka chini karibu na giaboksi, ukiachia ufunguo na kuzungusha tena, unapata "ko!" nyingine, basi. Na kuna "tik" nyepesi inayotoka kwenye boksi la fyuzi. Ukiwa ndani ya gari si rahisi kuitofautisha. Mpe mtu ufunguo, wewe simama mbele boneti likiwa wazi, gia iwe frii au kwenye P, breki ya mkono imevutwa, na mikono yako iwe mbali na feni na mikanda.

Mlio wa haraka unaeleweka vizuri ukijua solenoidi inavyofanya kazi. Ndani yake kuna koili mbili. Moja ina nguvu, kazi yake kuvuta chuma cha katikati. Ya pili ni dhaifu, kazi yake kukishikilia kikishavutwa. Chuma kikifika mwisho kinaunganisha vipande viwili vya shaba, umeme mzito unaingia kwenye mota, na papo hapo ile koili ya kuvuta inaacha kufanya kazi. Sasa imebaki koili dhaifu peke yake, na wakati huohuo mota imeanza kufyonza ampea nyingi. Kama betri haina nguvu, volti zinaporomoka, koili dhaifu inashindwa kushika, na springi inakirudisha chuma nyuma. Mota inakatika, volti zinapanda, chuma kinavutwa tena. Mzunguko huo unajirudia mara kadhaa kwa sekunde moja, nawe unasikia ka-ka-ka-ka. Kwa hiyo mlio wa haraka, mara nyingi sana, ni ushahidi kwamba solenoidi ni nzima na umeme ndio haufiki wa kutosha. Anayesikia mlio huo akaanza kufungua stata ameanzia mwisho.

Mlio mmoja mzito ni habari nyingine. Chuma kimevutwa na kimeshikwa, maana yake volti za kukishika zipo, lakini mota haikuzunguka. Hapo washukiwa ni shaba za solenoidi zilizoungua, kaboni zilizoisha (vipande vinavyopitisha umeme kuingia kwenye amecha), amecha yenyewe (sehemu ya mota inayozunguka) yenye hitilafu, au injini yenyewe iliyokwama. Angalizo moja: betri iliyoisha karibu kabisa nayo inaweza kutoa mlio mmoja, ila huwa hafifu, na taa za dashibodi huzimika nao.

Ile "tik" nyepesi ndiyo ya kumalizwa kwanza kwa sababu haina gharama. Rilei imefunga lakini umeme wake haufiki kwenye waya mwembamba wa solenoidi, au midomo ya rilei yenyewe imeungua. Magari mengi yana rilei zinazofanana ndani ya boksi moja. Chomoa ya honi, hakikisha namba na mpangilio wa miguu ni ule ule, ibadilishe na ya stata, kisha jaribu. Likiwaka, umeshajua.

Jaribio la taa kubwa

Usiku au ukiwa mbele ya ukuta, washa taa kubwa kisha piga stata ukiziangalia. Zikififia mno au kuzimika, umeme unaishia njiani au betri haina kitu. Zikibaki na mwanga wao ule ule huku unasikia "ko!", mota haili umeme kabisa: kuna mahali njia imekatika, mara nyingi ndani ya stata. Zikififia kiasi na mota haizunguki, umeme unaingia lakini kuna kitu kimekwama.

Kwa anayetaka kulinganisha kwa haraka:

| | Betri imeisha | Terminali au waya mbovu | Stata mbovu |
|---|---|---|---|
| Mlio | Wa haraka. Ikiisha kabisa, mmoja hafifu | Wowote, na hubadilika | Mmoja mzito |
| Taa kubwa ukipiga stata | Zinafifia mno | Zinazimika ghafla kisha zinarudi | Zinabaki na mwanga |
| Ukibusti (ukiazima umeme wa gari jingine) | Linawaka | Inategemea ulipobana | Haliwaki |
| Ukigonga stata taratibu | Hakuna kitu | Hakuna kitu | Huenda likawaka, kwa muda |
| Hutokea lini | Baada ya gari kulala | Baada ya mitikisiko, au ukigusa waya | Mara nyingi injini ikiwa moto |

Safu ya katikati ndiyo yenye ujanja. Terminali mbovu inaweza kuigiza betri iliyokufa, na inaweza kuigiza stata mbovu. Leo inalia hivi, kesho vile. Gari ambalo tabia yake haitabiriki nalishuku hapo kabla ya pengine popote.

Hesabu ndogo inayookoa betri nzima

Hoja anayoitoa karibu kila mtu ni hii: "Lakini taa zinawaka, redio inaimba, betri na nyaya ni nzima." Taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja zinakula kama ampea 9. Stata ya gari dogo la petroli la silinda nne hula kati ya ampea 100 na 200 inapozungusha injini, na ile nukta ya kuanza mzunguko hula zaidi ya hapo. Dizeli kubwa huzidi.

Sasa chukua terminali yenye uchafu uliozaa ukinzani wa omu 0.02 tu. Kwa taa, ampea 9 mara 0.02 ni volti 0.18; jicho halioni tofauti. Kwa stata, ampea 150 mara 0.02 ni volti 3. Betri nzima ikibebeshwa mzigo huo hushuka hadi volti 10 na ushei. Ukiondoa 3, stata inabaki na 7 na kidogo. Solenoidi inaanza kucheza ka-ka-ka, na lawama zinaiendea betri isiyo na hatia.

Omu 0.02 huwezi kuipima kwa mita ya kawaida ukiiweka kwenye omu, kwa sababu nyaya za mita zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Ndiyo maana fundi anayepima waya kwa mlio wa "piii" na kutangaza kuwa ni mzima hajapima chochote. Waya mnene ukibaki na nyuzi tano hai kati ya mia, mita italia vilevile. Kinachotakiwa ni kupima volti wakati stata inapigwa.

Vipimo vitatu kwa mita moja

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20.

Cha kwanza, betri ikiwa imetulia. Gari liwe limelala saa kadhaa; kama limezimwa sasa hivi, washa taa kubwa dakika moja kisha zima na usubiri kidogo, maana chaji ya juujuu hudanganya. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Volti 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni karibu robo. Ukikuta 10.5 hivi hata baada ya kuchaji usiku kucha, seli moja kati ya sita imekufa, kwa kuwa kila seli hutoa volti 2.1, betri hiyo usiipotezee muda.

Cha pili, pima wakati mwenzako anapiga stata, ncha za mita zikiwa juu ya risasi ya vichwa vya betri vyenyewe, si juu ya terminali zilizobanwa. Hapa ndipo njia zinapogawanyika. Volti zikibaki 12.4 huku stata inalia bila kuzunguka, hakuna umeme mzito unaotoka. Betri haina kosa, njia imekatika mbele. Zikishuka hadi 10 na injini inazunguka, sawa. Zikianguka chini ya 9.6, ama betri imechoka, ama kitu kimekwama na kinafyonza umeme kupita kiasi. Ili kutenganisha hayo mawili, ichaji betri ijae, kisha rudia.

Cha tatu ndicho ambacho watu wengi hawakifanyi, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Ncha nyekundu iguse kichwa cha chanya cha betri, nyeusi iguse boliti nene ya stata ambapo waya mkubwa unafungwa. Piga stata. Mita ikionyesha zaidi ya 0.5, waya huo au viungio vyake vinakula umeme. Kisha hamia upande wa hasi: ncha moja kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Hapa zaidi ya 0.3 ni tatizo. Mwisho, kati ya kichwa cha betri na terminali iliyokibana: inapaswa kuwa karibu sifuri. Ukikuta nusu volti kati ya vitu viwili vinavyogusana, mshtakiwa umemkamata na ushahidi mkononi.

Upande wa hasi husahaulika sana. Waya unaotoka betri kwenda bodi, na ule unaounganisha bodi na injini, hubeba umeme ule ule unaopita kwenye chanya. Injini ikiwahi kushushwa na kurudishwa, angalia kama waya huo ulirudishwa na kama umefungwa juu ya chuma kitupu au juu ya rangi.

Kusafisha terminali au kuzibadili

Unga mweupe au wa kijani juu ya terminali unaonekana, na watu huupangusa wakaridhika. Kinacholeta shida hakikai juu. Fungua hasi kwanza, kisha chanya, ili spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya isitoe cheche. Chomoa terminali na uiangalie kwa ndani, pale inapokumbatia kichwa. Sehemu nzima hung'aa kijivu angavu. Sehemu mbaya ina ngozi nyeusi isiyong'aa, laini, iliyoshika kabisa, kitambaa hakiiondoi. Mara nyingine unakuta alama ya kugusana kwenye kona moja tu, upana wa kucha, na pande zilizobaki zote ni nyeusi. Hapo ndipo ampea 150 zilikuwa zinalazimishwa kupita.

Mimina maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na bikaboneti, ile ya kuumulia mikate. Yatatoa povu yakiua tindikali. Vifuniko vya seli viwe vimefungwa, mchanganyiko usiingie ndani. Suuza, kausha, kisha piga msasa au brashi ya waya ndani ya terminali na kuzunguka kichwa hadi vyote ving'ae. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Terminali ikikazwa isizunguke hata ukiisukuma kwa mkono kwa nguvu. Ndipo upake mafuta ya mgando au grisi juu yake kuzuia unyevu. Ukipaka ndani kabla ya kubana haiharibu kitu ikiwa kidogo, lakini haina faida pia.

Kubadili kuna maana terminali ikiwa imepasuka, imepanuka hadi mdomo wake umefungana na bado inacheza, au waya umevimba chini ya mpira. Bonyeza waya karibu na terminali: ukihisi unga unakwaruza ndani kama mchanga, kutu imeshapanda kwenye nyuzi. Kukata kipande na kufunga terminali mpya kunatosha ikiwa shaba unayoikuta mbele ni nyekundu. Ikiwa bado ni nyeusi au kijani, badili waya mzima. Vile vipande vya bati vinavyochomekwa ili terminali ibane vikufikishe nyumbani tu.

Betri: kuichaji au kununua nyingine

Betri iliyoishiwa chaji si betri iliyokufa. Kama uliacha taa zinawaka na betri ina umri wa mwaka mmoja, ichaji. Kwa chaja ya kawaida, ampea zilingane na kama sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri: ya 60 Ah (ampea-saa) ichajiwe kwa ampea 6, saa kumi na zaidi. Kuzungukazunguka na gari nusu saa hakuijazi betri iliyoisha kabisa, na ni kuibebesha altaneta (mtambo wa gari unaochaji betri) mzigo ambao haikutengenezewa. Pia usiiache siku nyingi ikiwa tupu. Salfeti inaganda kwenye sahani za risasi na chaji haiingii tena.

Betri ya vifuniko vinavyofunguka inakupa nafasi ya kuchungulia. Maji yakiwa chini ya sahani, ongeza maji yaliyotoneshwa hadi kwenye alama, kamwe si maji ya bomba, na usiongeze tindikali. Haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya betri, hapa haina mpinzani: seli iliyojaa husoma karibu 1.27, na ukikuta tano zinasoma hivyo na moja iko chini kwa 0.05 au zaidi, seli hiyo inaondoka na wenzake.

Nunua mpya ikiwa: imejaa 12.6 lakini ikipigwa stata inaanguka chini ya 9.6 na umehakikisha stata haikukwama, imevimba ubavuni, au ni ya miaka minne mitano na imeshaanza kudai kubustiwa. Joto huua betri haraka kuliko baridi, ingawa baridi ndiyo inayoifichua.

Katika kuchagua, usitazame Ah peke yake. Namba inayohusu kuwasha ni ampea za kuwashia wakati wa baridi, zilizoandikwa CCA. Isipungue ile ya kiwandani. Gari linalojizima lenyewe kwenye taa za barabarani na kujiwasha linahitaji betri za aina ya EFB au AGM, zinazostahimili kuwashwa mara kwa mara, na lililokuja na AGM lirudishiwe AGM. Kwa gari la kawaida, betri ya maji yenye vifuniko ina faida ya kupimika na kuongezwa maji; ile iliyozibwa ina faida ya kutokusumbua, ila ikianza kufa haikupi nafasi ya kujua ni seli ipi. Mwenye mazoea ya kufungua boneti achukue ya vifuniko. Asiyefungua hadi gari ligome achukue iliyozibwa.

Kubusti au kusukuma

Ukikwama njiani, kubusti ni bora, kwa sababu ni msaada na kipimo kwa pamoja. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyoisha, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na betri hutoa haidrojeni inayolipuka. Ukigeuza chanya na hasi, dayodi za altaneta zinaweza kuungua mara moja, na vifaa vingine vya umeme pamoja nazo. Acha gari nzima lingurume dakika chache kabla ya kupiga stata. Nyaya nyembamba za kubusti hazibebi ampea zote kwa mkupuo.

Angalia pia unapobana. Ukibana kwenye kichwa cha risasi na gari likaendelea na ka-ka-ka, hamishia koleo kwenye terminali au waya wenyewe. Likiwaka, huenda betri yako haina kosa. Kiungio ndicho kibovu.

Kusukuma ni kwa gari la gia za mkono tu: swichi imewashwa, gia ya pili, klachi imekanyagwa, liachie likishapata mwendo. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka. Na hata la gia za mkono, betri ikiwa tupu kabisa pampu ya mafuta na kompyuta ya injini hazipati umeme, utatoka jasho bure. Kusukuma kunalisaidia zaidi gari lenye stata mbovu na betri nzima.

Stata: kuitengeneza, kuchukua ya mtumba au kununua mpya

Kabla ya kuishusha, gonga ganda lake mara mbili tatu kwa mpini wa nyundo mwenzako akipiga stata. Likiwaka, kaboni zimeisha au amecha imefika mahali pasipogusa. Si tiba; ni kipimo, na pengine ni nauli ya kukufikisha kwa fundi. Usigonge kwa nguvu, kwani baadhi ya stata zina sumaku ndani ya ganda na sumaku hupasuka.

Stata inayogoma injini ikiwa moto na kukubali ikipoa inaeleweka: shaba ikipata moto ukinzani huongezeka, kutoka nyuzi 20 hadi 120 za selsiasi kwa karibu asilimia 40. Koili iliyokuwa inavuta kwa shida asubuhi inashindwa kabisa mchana.

Kutengeneza ndilo chaguo langu pale kilichoisha ni shaba za solenoidi au kaboni. Stata nyingi, hasa zile ndogo zenye gia za kupunguza mzunguko ndani, zina shaba mbili zinazobadilishwa zenyewe. Ukifungua kifuniko cha nyuma unaziona: moja imelika hadi kuwa na bonde, nyingine bado ina kimo, na sahani ya chuma cha katikati ina makovu meusi ukingoni. Sahani inagusa upande mmoja na kukosa mwingine, ndiyo maana unapata "ko!" mara tano, ya sita gari linawaka kana kwamba halikuwa na lolote. Zibadilishwe zote mbili pamoja na sahani. Kuzipiga tupa ni kuahirisha, kwa kuwa unaondoa shaba ile ile iliyokuwa imebaki kidogo. Fundi akiwa tayari amefungua, kaboni na bushi ziangaliwe, na bendiksi (gia ndogo ya stata inayoshika injini) izungushwe kwa mkono: ielekee upande mmoja tu.

Amecha ikiwa imeungua, ukaisikia harufu ya vanishi na kuona shaba zake zimekuwa nyeusi, kutengeneza kunaacha kuwa nafuu. Hapo nunua nzima. Linganisha idadi ya meno ya bendiksi, upande inaozungukia, mashimo ya boliti na kilowati zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Ya mtumba naiweka mwisho. Muuzaji ataigusisha kwenye betri mbele yako nayo itaruka na kuvuma, lakini kuzunguka ikiwa huru hakusemi itafanya nini ikibeba injini. Huijui shaba zake zimebaki kiasi gani. Ukilazimika kuichukua, ifunguliwe kifuniko cha nyuma kwanza, au ihesabu kama stata itakayowekewa shaba na kaboni mpya kabla ya kufungwa. Hasa kwenye injini ambazo stata imefichwa chini ya manifoldi: pale kazi ya kuifikia ndiyo gharama kubwa, na hakuna anayetaka kuifanya mara mbili.

Usiporidhika bado

"Ko!" nzito, taa zinafifia, betri imejaa, nyaya ziko safi: kabla ya kuilaumu stata, weka spana kwenye boliti ya puli ya krenkishafti (shafti kuu ya injini) na ujaribu kuizungusha injini kwa mkono, upande wake wa kawaida, gia ikiwa frii na hasi ya betri imefunguliwa. Ikigoma kabisa, tatizo si la umeme. Gari likiwa limetoka kupita kwenye maji mengi, acha kupiga stata mara moja. Maji yakiingia juu ya pistoni hayabanwi, na stata yenye nguvu inaweza kupinda fimbo ya pistoni. Toa plagi kwanza.

Likiwa limewaka, rudisha mita kwenye betri injini ikinguruma. Kati ya 13.8 na 14.5 altaneta inachaji, ingawa gari jipya lenye kompyuta inayosimamia chaji linaweza kutoka nje ya hapo kwa muda. Ikibaki 12 na ushei, betri mpya uliyonunua itaishia pale pale ilipoishia ya zamani. Ikizidi 15, itachemshwa maji. Kama chaji ni nzuri na bado asubuhi unakuta ka-ka-ka, kuna kitu kinanyonya gari likiwa limelala: fungua hasi, pitisha mita ya ampea katikati, funga milango yote na usubiri mifumo ilale. Miliampea 50 au pungufu ni kawaida. Miliampea 500 zinaimaliza betri ya 60 Ah kwa siku tano, na kuzitafuta ni kuchomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke.